Chupa Imelala

Kazi yangu ni funguo. Nafungua saa kumi na mbili jioni,
nafunga saa nne, na katikati sina maoni.
Ukumbi huu zamani ulikuwa dobi la manispaa ya Turku;
sakafu bado ina mifereji, na baridi ikizidi
kuta hutoa harufu ya sabuni ya watu waliokwisha kufa.

Leo wamekuja kumi na wanane. Nimewahesabu kwa makoti.

Ilpo ameleta saksafoni, kisha akaing'oa mdomo
akawa anapuliza shingo tupu, kama mtu anayepoza uji.
Tuulikki ana gurudumu la baiskeli na upinde wa fidla.
Yule kijana asiyependa kutaja jina
ameleta redio, kaiacha katikati ya stesheni mbili,
mahali ambapo hakuna nchi.

Na Aune Rautakoski, miaka sabini na sita,
kavuta kiti mbele ya projekta ya shule,
ile ya kioo na balbu, iliyotufundisha jiografia.
Chupa ya wino. Brashi tatu. Chumvi kwenye kikombe cha yai.

Miaka thelathini na minane alichora mabomba ya meli
kule kiwandani, mto unapokutana na bahari.
Mstari ukitikisika nusu unywele, karatasi inatupwa.
Aliniambia mwenyewe, tukivuta sigara kwenye theluji:
"Kila meli uliyoiona ikipita, choo chake nimekichora mimi."
Sasa mkono una tetemeko. Kijiko chake hulia kwenye sahani
supu ikiwa bado jikoni.

Wakaanza. Au hawakuanza;
mzee mmoja safu ya pili alimnong'oneza mkewe,
"Bado wanajaribu vyombo?"
akachomoa sikioni kifaa chake cha kusikilizia, akakitia mfukoni.
Sikumlaumu. Siku yangu ya kwanza hapa nilienda kukagua bomba la maji.

Aune akagusa kioo.
Ukutani ukatokea mstari mrefu kuliko mlango,
unatetemeka,
na gurudumu likauona, likatetemeka nao.
Nani alimfuata nani, sijui.
Mstari ulipopanda, pumzi ya Ilpo ilibaki chini
kama mtu aliyemshikia mwenzake ngazi.
Chumvi ikadondoka. Wino ukaikimbia chumvi,
ukaacha vitundu vyeupe, na redio
ikatema neno moja la Kiestonia
likaingia kitundu kimojawapo, likakaa.

Kisha kiwiko. Chupa ikalala.

Yakimwagika hayazoleki, hilo halihitaji kunihubiria:
mwenye ndoo na tambara ndiye mimi.
Nilikuwa nimeshainuka.
Lakini weusi ulikuwa unapanda ukutani taratibu,
umemeza mstari, umemeza vitundu,
umewameza wanamuziki hadi mabegani,
na Tuulikki akausimamisha upinde hewani
bila kuushusha,
na redio ikazimwa, au ilijizima.

Hapo Ilpo akarudisha mdomo wa saksafoni mahali pake.
Noti moja. Ya chini. Ya kwanza usiku ule yenye jina.

Aune akaweka brashi kando,
akatia ukucha ndani ya wino, akavuta.
Mwanga ukachanika, mwembamba, ukitetemeka
kwa kipimo kilekile cha kijiko na sahani,
kutoka kona hadi kona,
na hakuna msimamizi aliyetupa karatasi.

Mzee wa safu ya pili alikuwa anapapasa mfukoni.

Baadaye mama mmoja mwenye skafu ya kijani
alitaka kuununua mchoro. Aune alikuwa kwenye sinki la dobi,
anasuuza kioo. Akamwonyesha kwa kidevu mfereji wa sakafuni:
"Ule pale unaondoka. Uwahi."

Nilifunga saa nne na dakika ishirini na tano.
Kikombe cha yai kilikuwa kimesahaulika, na chumvi yake.
Ngazi za nje zilikuwa barafu tupu,
nikaimwaga pale, kama kanuni inavyotaka,
kisha nikasimama, funguo mkononi,
nikiangalia vitundu vinavyofunguka.